Chumba kirefu chembamba cha boriti: mdomo wa kiyoyozi uelekezwe wapi?

Mwenye nyumba ya wageni, Mkomani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye ujuzi wa viyoyozi, hasa walioshughulikia nyumba za mawe za zamani.

Ninaendesha nyumba ndogo ya wageni katika mtaa wa Mkomani, hapa Lamu. Kuta zake zina unene unaokaribia nusu mita na dari zake ni za boriti za mikoko. Chumba ninachokiulizia kiko orofa ya juu. Urefu wake ni mita 8 lakini upana ni mita 2.7 tu, kwa kuwa, kama wenyeji mjuavyo, upana wa chumba cha kale ulifuata urefu wa boriti iliyopatikana. Kutoka sakafuni hadi chini ya boriti ni mita 3.6. Mwaka jana nilifunga kiyoyozi cha ukutani cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Fundi alikiweka katikati ya ukuta mrefu, kwa sababu hapo palikuwa karibu na ngazi ya kwenda juu ya paa ilikowekwa mashine ya nje, na kwa hivyo kinatazamana na kitanda kilichoegemea ukuta wa pili.

Lile sanduku jeupe la plastiki lilikuwa linaharibu sura ya chumba chenye vidaka vya chokaa, vile vishimo vya mapambo vya ukutani, nami nikamwomba seremala anitengenezee kasha la mbambakofi lenye nakshi, likakifunika chote, na upande wa mbele akaweka kimia cha mbao ili hewa ipite. Kazi yenyewe ni nzuri na kila mgeni huisifu.

Tatizo ni kwamba napata malalamiko mawili yanayopingana. Mgeni anayelala huamka na shingo iliyokakamaa, akasema upepo ulimchoma usiku kucha. Mgeni huyohuyo akikaa kwenye baraza ya mwisho wa chumba mchana, husema hapana baridi yoyote. Rimoti tumeiweka nyuzijoto 18, na bado mashine hujizima yenyewe baada ya muda mfupi ilhali chumba hakijapoa. Tangu mvua za Aprili zianze, maji hudondoka chini ya kasha na chokaa ya ukuta imeanza kuingia madoa meusi. Je, ninunue mashine kubwa zaidi, au kasoro iko mahali pengine?

Jirani wa Langoni

Wa alaykum salaam mama. Kwa maoni yangu mashine hiyo ni ndogo. Mimi nilikuwa na tatizo kama lako dukani, nikaweka ya BTU 24,000, na sasa wateja wanaomba niipunguze. Chumba cha mita 8 kinahitaji nguvu.

Fundi wa viyoyozi, Malindi

Mama, kabla hujatoa fedha, naomba unisikilize. Na jirani wa Langoni aniwie radhi, kwani hapa sikubaliani naye. Chumba chako hakifiki mita za mraba 22, kina kuta nene zinazochelewa kupata joto, na BTU 12,000 zinakitosha. Mashine kubwa hutoa hewa nyingi zaidi kwa wakati mmoja, kwa hiyo atakayepigwa shingoni atapigwa kwa nguvu zaidi; nayo ikiwa ni ile ya kuwaka na kuzima, itafikia kiwango cha rimoti upesi na kuzima kabla haijapata muda wa kukausha hewa. Kwetu pwani unyevu ndio adui wa kwanza, joto hufuata. Dukani mlango hufunguka kila dakika na watu husimama. Si sawa na chumba cha kulala.

Nianze na kasha, ingawa najua litakuuma. Kiyoyozi cha ukutani huvuta hewa ya chumba kwa juu na kuitoa ikiwa baridi kwa chini, na kihisi joto chake kwa kawaida kiko palepale inapovutiwa hewa. Ukikifungia ndani ya kasha lenye kimia, sehemu kubwa ya hewa baridi hugonga mbao, hurudi nyuma, na huvutwa tena juu kabla haijaona chumba. Mashine inakuwa inapoza kasha. Kihisi kinaona nyuzi 18 na kuamini kazi imekwisha, kumbe baraza yako iko kwenye nyuzi 29. Ndiyo maana inajizima mapema. Kiasi kidogo kinachopenya hutoka vipandevipande kupitia matundu ya nakshi, bila mwelekeo, na vile vibao vya kuelekeza hewa ambavyo kiwanda kiliviweka kwa makusudi vinakuwa havina kazi.

Maji nayo yanatoka hapohapo. Hewa ya Lamu mwezi wa Aprili ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, mvuke wake huanza kugeuka maji kwenye kitu chochote chenye baridi ya nyuzi 25 au chini yake. Mbao na chokaa zinazopigwa na hewa ya nyuzi 13 lazima zitokwe na jasho, kama glasi ya maji ya barafu. (Hata hivyo, hakikisha kwanza bomba la kutolea maji halijaziba na lina mteremko, nimeshaitwa mara nyingi kwa madondoo ambayo dawa yake ilikuwa kuzibua bomba.)

Sasa tuje kwenye mahali. Kwa mashine kama yako, kasi ya juu ya feni hutoa kadiri ya mita za ujazo 600 kwa saa. Mdomo wake ukiwa na eneo la mita za mraba 0.05 hivi, hewa inatoka kwa kasi ya mita 3.3 kwa sekunde. Mkondo wa hewa hupungua kasi kadiri unavyokwenda na kuvuta hewa ya chumba iungane nao, lakini upana wako ni mita 2.7 tu. Kwa hesabu ya haraka, kasha likiondolewa, mkondo huo utafika ukuta wa pili ukiwa bado na zaidi ya mita 1 kwa sekunde, utagonga, na utateremka moja kwa moja juu ya mto wa kitanda. Mtu aliyelala hufurahia hewa isiyozidi mita 0.2 kwa sekunde au karibu na hapo. Kwa hiyo kuondoa kasha bila kuhamisha kitu kingine kutakuponya malalamiko ya baraza na kuzidisha yale ya shingo.

Ningeihamisha mashine hadi ukuta mfupi, itazame urefu wa chumba, kwenye kimo cha mita 2.8 au 2.9, vibao vikiwa vimeinuliwa hadi vilale sawa na sakafu. Hewa baridi ni nzito, nayo hujipinda kuelekea chini kadiri kasi yake inavyoisha. Katika hali hiyo mkondo utashuka hadi usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama baada ya mita 5 hivi, ukiwa umekwisha changanyika. Kisha geuza kitanda, kichwa chake kiegemee ukuta uleule wa mashine. Wengi huogopa kulala chini ya kiyoyozi, lakini kikifungwa vizuri hapo ndipo penye utulivu kuliko kwingine kote: mkondo unapita juu, unatua upande wa pili, na unarudi pole pole.

Nikumbushe pia kwamba mahali pa kuvutia hewa hapabadilishi sana mwendo wa hewa chumbani. Jaribu kuzima mshumaa ulio mbali na wewe kidogo: kwa kupuliza utauzima, kwa kuvuta pumzi hutauzima kamwe. Kinachotawala chumba ni mdomo unaotoa hewa.

Msanifu majengo, Lamu

Ndugu fundi amelieleza jambo vizuri, nami namuunga mkono, ila dari ya mama si dari ya Malindi ya zege iliyo laini, na hilo linabadilisha hesabu kidogo.

Katika dari tambarare, hewa inayotolewa karibu na dari hujinata kwenye uso wake na kusafiri mbali kabla ya kushuka. Wahandisi huliita jambo hilo kwa jina la Henri Coandă, Mromania aliyelichunguza. Mkondo usionata husafiri pungufu kwa karibu asilimia 30. Boriti za Lamu zimepangwa kwa upana wa chumba, na mkondo unaokwenda kwa urefu unazikata zote kwa kukingama, moja baada ya nyingine. Kila boriti huutikisa na kuusukuma chini. Ukiutoa mkondo sambamba na boriti hautatikiswa, lakini hapo umerudi kwenye mita 2.7 na kitanda. Kwa hiyo mtu asidanganyike kuipandisha mashine juu kabisa, akidhani dari itamsaidia. Kimo alichokitaja fundi kinaacha zaidi ya nusu mita chini ya boriti, na hapo mkondo unaruka peke yake bila kugusana nazo.

Kuhusu starehe, kiwango cha kimataifa cha ISO 7730, ambacho msingi wake ni kazi ya Mdenmarki P. Ole Fanger, hakitazami kasi ya hewa peke yake. Kinatazama pia tofauti ya joto kati ya kichwa na vifundo vya miguu vya mtu aliyeketi, ambayo inafaa iwe chini ya nyuzi 3. Chumba chenye dari ya mita 3.6 na hewa isiyochanganyika huvuka kiasi hicho kwa urahisi: baridi hulala sakafuni na joto hubaki juu. Hapo ndipo ninapoipenda feni ya dari, izunguke taratibu katikati ya chumba, iwe inachanganya tu. Ukiwa nayo, rimoti inaweza kuwekwa nyuzi 26 na mtu akahisi vizuri, kwa kuwa mwendo mdogo wa hewa juu ya ngozi unafanya kazi ambayo nyuzi mbili au tatu zingeifanya. Na mdomo wa mashine usipokuwa na baridi kali mno, jasho nalo linapungua. Feni yenyewe isiwekwe mbele kabisa ya mdomo, maana mapanga yatauchukua mkondo baridi na kuutupa chini.

Neno moja kwa wageni wako: madirisha yafungwe mashine ikiwa inafanya kazi. Najua kusi likivuma mtu hatamani kufunga dirisha, lakini achague moja kati ya hayo mawili. Upepo wa bahari ukiingia katika chumba chenye nyuso baridi, unaleta maji yake pamoja nao, na madoa yatarudi hata kama kila kitu kingine kimerekebishwa. Madoa yaliyopo yasipakwe rangi ya plastiki. Acha chokaa ikauke, isugue, kisha upake chokaa, kwa sababu ukuta wa matumbawe unahitaji kupumua.

Mwisho, kuhamisha mashine kutahitaji tundu jipya ukutani. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, kwa hivyo zungumza na ofisi ya Makavazi ya Taifa kabla fundi hajashika mtaimbo, na bomba lisipitishwe penye vidaka kwa namna yoyote.

Mwenye nyumba ya wageni, Mkomani

Nawashukuru sana. Jana niliamua kujaribu kabla ya kuvunja chochote. Nilifungua kasha, nikawasha mashine, nikashika chetezo cha udi chini ya mdomo nione moshi unakwenda wapi. Moshi ulipanda juu, ukavutwa ndani, na chumba chote kikanukia kama arusini. Je, nilichokiona ni kweli au nimekosea jaribio? Na je, lile kasha nilitupe? Seremala ni mtu wangu, nami naona haya kumwambia.

Fundi wa viyoyozi, Malindi

Umekosea kidogo, mama. Makaa ya chetezo yana joto lake, na moshi wake hupanda hata pasipokuwa na mashine, kwa hiyo kwenye kasi ndogo utakudanganya. Funga nyuzi nyepesi za pamba kwenye ufito mrefu, kila baada ya sentimita 30, kisha tembea nao kutoka kwenye mdomo hadi kwenye baraza. Uzi unaolala sawasawa umo ndani ya mkondo. Unaocheza kidogo uko pembeni mwake. Ulioning'inia uko nje. Shika pia ufito juu ya mto wa kitanda. Na safisha chujio, kwani udi huo umeshakwama humo.

Kasha halina haja ya kutupwa. Mwambie seremala aukate upande wote wa chini na wa mbele unaokabili mdomo, pasibaki hata ufito mmoja, na juu, hewa inapovutwa, paachwe wazi kwa sentimita 15 au zaidi. Kisha aweke ubao mzima kati ya sehemu ya kuvuta na sehemu ya kutoa, ili hewa hizo mbili zisikutane. Nakshi ibaki mbavuni na kwenye paji la juu. Ikiwa siku moja utataka mashine ya kufichwa inayoleta hewa kwa mifereji, na kuweka kimia mbele ya mdomo wake, kumbuka hesabu: mita za ujazo 600 kwa saa zikitoka kwa utulivu wa mita 2.5 kwa sekunde zinahitaji uwazi halisi wa mita za mraba 0.067. Kimia ambacho nusu yake ni mbao kitahitaji eneo maradufu ya hilo, la sivyo hewa itapiga mluzi na mgeni hatalala.

Mwenye nyumba ya wageni, Mkomani

Nimerudi baada ya wiki tano, kwa kuwa kibali kilichukua muda wake. Mashine sasa iko ukuta mfupi wa upande wa ngazi, mita 2.8 kutoka sakafuni, na kitanda kiko chini yake. Rimoti iko nyuzi 26, feni iko kwenye namba moja. Nyuzi za pamba juu ya mto zinacheza kidogo tu, na kwenye baraza zinalala nusu. Nilinunua vipimajoto viwili vya bei ndogo: kifundoni kwenye baraza ni nyuzi 25, kichwani 26 na nusu. Hakuna dondoo hata moja, ingawa mvua bado zinanyesha. Seremala alipoelezwa sababu alilikata kasha mwenyewe bila kununa, ila amesema kazi ijayo fundi wa hewa aje kwanza, yeye afuate.