Mwigizaji mkongwe akiugua, tumchangie au tumlipe?

Ngamiani (mfungua mjadala)

Assalaam alaykum wana Tanga.

Juzi baada ya Isha alipita barazani kwetu kijana mwenye daftari la michango. Mgonjwa ni mwigizaji wa vichekesho wa hapahapa mjini, jina lake nalihifadhi kwa kuwa familia yake haijaniruhusu kulitaja. Watu walitoa, hata muuza kahawa alitoa. Kisha mwenzetu mmoja akafungua simu yake, akatuonyesha kichekesho cha zamani cha mzee yuleyule, kimekatwa vipande na kuwekwa Yutubu kwenye chaneli ya mtu asiyejulikana. Matangazo yanapita kabla ya kichekesho na katikati yake. Kijana wa daftari alisema mzee hajawahi kuona hata shilingi ya chaneli hiyo.

Hapo baraza likagawanyika. Wapo waliosema mwigizaji ni kibarua kama fundi ujenzi: akishalipwa siku yake, nyumba ni ya mwenye nyumba. Wengine tukasema hapana. Nauleta mjadala hapa tuendelee: mwigizaji alipwe mara moja tu siku ya kupiga picha, au apate mgao kila kazi yake inapouzwa na kuonyeshwa upya?

Mimi nasema apate mgao. Mfano wa fundi siukubali. Fundi akimaliza ukuta hauhitaji tena sura yake wala sauti yake. Mwigizaji anauza vitu hivyo hivyo kila filamu inapochezwa, na anauza hata akiwa kitandani.

Sisi wa Tanga tuna sababu ya kulisemea hili kuliko wengine. Marehemu Amri Athumani, Mzee Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na akaanza kuigiza angali mtoto. Amevuka jukwaa, redio, kanda za video, sidii, hadi simu za mkononi. Mwaka 2018, mzee akiwa mgonjwa, Harrison Mwakyembe, wakati huo waziri mwenye dhamana ya sanaa, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Mzee Majuto ikiwa miongoni. Tarehe 8 Agosti mwaka huohuo akafariki Muhimbili. Fikirini: mtu amefanya kazi hii zaidi ya nusu karne, na mikataba yake inakuja kusomwa vizuri akiwa mgonjwa. Na mchekeshaji wetu Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari Muheza Novemba 2012 akiwa anarudi kwao, bado anachekesha watoto ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile. Anayeingiza pesa kwa kicheko hicho ni nani?

Nami nina langu dogo. Niliwahi kucheza sini nne za mpangaji mkorofi, lokesheni ilikuwa nyumba moja Raskazone. Nikapewa posho ya siku mbili, wali na soda, nikatia saini karatasi ambayo sikuachiwa nakala. Sidai utajiri kwa sini nne. Ila mpaka leo sijui nilitia saini nini, na hilo linaniuma kuliko posho.

Muheza, mtayarishaji

Bwana Ngamiani, umesema kwa uchungu na nakuelewa, lakini umesahau upande wetu. Mimi natoa filamu kwa pesa ya duka la mke wangu. Kamera ya kukodi, taa, mafuta ya jenereta, chakula cha watu ishirini, nauli, vibali, ukaguzi wa Bodi ya Filamu. Vyote nalipa kabla sijauza hata nakala moja. Mwigizaji akishalipwa posho, filamu ikidoda yeye yuko salama. Duka likifungwa, nani atapita barazani na daftari la kunichangia mimi?

Na mnajua soko lilivyokuwa enzi za sidii. Unapeleka masta, yaani nakala mama ya filamu, kwa msambazaji Dar es Salaam, unapewa bei moja, unauza kila kitu milele. Ukitoka mlangoni kazi si yako tena. Mtoto wa mtaa wa Ngamiani anaingiziwa filamu hiyo kwenye flashi kwa bei ya andazi, na kibanda umiza kinaionyesha bila kumuuliza mtu. Sasa huo mgao nimpe mwigizaji kutoka wapi, ilhali mimi mwenyewe sikuupata?

Chumbageni

Mtayarishaji amenena. Mwenye hasara ndiye mwenye faida. Siongezi.

Pangani

Naomba nizungumze kama mama, na kama mtu wa mji ambao filamu imewahi kutengenezwa na wenyeji. Shirika la UZIKWASA la hapa Pangani ndilo lililotoa filamu ya Aisha, iliyoongozwa na Chande Omar, na watu wetu walijiona humo. Kwa hiyo msifikiri filamu ni mambo ya Dar es Salaam tu.

Ndugu zangu, mnabishana kuhusu mgao wa miaka ishirini ijayo. Binti yangu aliyeigiza kwa mtu mwingine, si shirika nililolitaja, alirudishwa nyumbani saa saba usiku kwa bodaboda ya kujilipia. Hakupewa mkataba. Alipouliza aliambiwa "wenzako wanaipanga foleni nafasi hii." Akanyamaza, maana kweli foleni ipo. Wasichana wanaogopa kudai karatasi kwa sababu anayedai haitwi tena, na wapo wanaodaiwa kitu kingine badala ya kipaji. Mkitaka kuwasaidia waigizaji, anzeni na mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, usomwe kabla kamera haijawashwa, na nakala ibaki kwa msanii. Asiye na karatasi huo mgao ataudai kwa lipi?

Mabawa, mwanafunzi wa sheria

Mama wa Pangani amegusa mzizi. Tusiongee kama vile hatuna sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni Namba 7 ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, iko kwa ajili hiyo. Neno hakishiriki lenyewe linawahusu wasanii watendaji, yaani waigizaji, waimbaji na wachezaji. Hakimiliki ya mtunzi inaishi miaka 50 baada ya yeye kufariki. Ugumu wa mwigizaji wa filamu ni kwamba mikataba ya kimataifa ilimwacha nyuma. Mkataba wa Roma wa 1961 ulisema msanii akisharidhia utendaji wake kuingizwa kwenye filamu, ulinzi aliopewa na mkataba huo unakoma hapo. Mwimbaji aliendelea kusonga mbele, mwigizaji akabaki mlangoni. Ilibidi kungoja Mkataba wa Beijing wa 2012, unaomlinda naye mwigizaji wa filamu, nao ukaanza kutumika 2020.

Kuhusu hoja ya kibarua: waigizaji wa Marekani waliambiwa hayohayo. Mwaka 1960 waligoma, chama chao kikiongozwa na Ronald Reagan, yule aliyekuja kuwa rais, wakitaka malipo filamu za sinema zinapouzwa kwa televisheni. Wakapata mgao kwa filamu za kuanzia mwaka huo. Waliocheza za kabla ya hapo hawakupata mgao. Studio zilitoa dola milioni 2.25 mara moja za kuanzisha mfuko wa pensheni na matibabu. Na mwaka 2023 waligoma tena kwa siku 118, mgao wa filamu za intaneti ukiwa moja ya madai makubwa. Studio hazikufa mwaka 1960.

Chumbageni

Hollywood na Muheza wapi na wapi?

Ngamiani

Ndugu Chumbageni, tofauti ya pesa naikubali. Nilichokipenda kwenye habari ya 1960 ni wale wazee wa filamu za zamani. Hawakupata mgao, lakini walipata mfuko wa matibabu. Hawakupitishiwa daftari.

Mama wa Pangani, umenirekebisha. Nilianza na mgao nikaruka karatasi, ilhali mimi mwenyewe nililia kuhusu karatasi. Nimekuelewa.

Na wewe Bwana Muheza, nakurudia kwa heshima. Kama uliuza masta milele kwa bei moja, basi ulidhulumiwa dhuluma ileile aliyodhulumiwa mwigizaji wako, ila ngazi moja juu. Siku hizi televisheni za kulipia zinakodi filamu kwa muda. Muda ukiisha, kazi inarudi kwako na unaweza kuikodisha tena. Chaneli ya Yutubu unaweza kuifungua mwenyewe. Kwa hiyo pesa ya mara ya pili ipo sasa, haikuwepo enzi za kanda. Siombi mwigizaji agawiwe kabla duka la shemeji halijarudishiwa pesa zake. Rudisha gharama zako zote kwanza. Baada ya hapo, kila inapouzwa upya, mkumbuke aliyekuuzia sura.

Kwenye matangazo ya biashara silegezi hata kidogo. Kampuni ikitumia uso wa mtu kuuza bidhaa, mkataba uwe na tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita, waondoe bango au walipe tena.

Pangani

Na matibabu je? Bima ya afya kwa wote imeshatungiwa sheria mwaka 2023, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea michango ya waliojiajiri. Msanii anayelipwa posho leo na kukaa miezi mitatu bila kazi hawezi kuchangia kila mwezi kama mwalimu. Huo mgao, hata uwe mdogo, ungepelekwa huko moja kwa moja kabla haujafika mfukoni. Nawajua vijana wetu, na najua shida za nyumbani zinavyomeza pesa.

Muheza, mtayarishaji

Nimelala na maneno haya, nimeamka nayo. Ya kurudisha gharama kwanza naikubali, mradi gharama ziandikwe mwanzoni na wote wazione, nisije nikaitwa mwizi. Nina filamu naianza mwezi ujao, waigizaji wanane. Nimeandika kipengele hiki, kisomeni:

"Mwigizaji amelipwa shilingi … kwa siku … za kazi. Mtayarishaji akisharudisha gharama zilizoorodheshwa nyuma ya karatasi hii, basi kila filamu nzima au kipande chake kitakapouzwa, kukodishwa au kuwekewa matangazo, sehemu … ya pesa hiyo ni ya waigizaji waliotajwa hapa chini. Mwigizaji akifariki, sehemu yake wapewe warithi wake. Nakala moja inabaki kwa mwigizaji."

Nafasi ya sehemu nimeiacha wazi. Mimi naona moja ya kumi kwa waigizaji wote wanane, nusu yake iende kwenye bima kama mama alivyosema. Mke wangu anasema nyingi mno. Ninyi mwasemaje?