Naomba ushauri: kuishusha Peugeot 504 isiyowaka kutoka Mwanga hadi mjini Kigoma

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Nina Peugeot 504 ya marehemu baba, gia za mkono, imelala chini ya mwembe Mwanga miaka 6. Fundi yuko chini mjini. Si mbali, ila mnaujua ule mteremko wa kuelekea stesheni.

Matairi nimejaza upepo, yanashika. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limeganda, tumeligongagonga likaachia. Tatizo ni breki: pedali inazama hadi chini, na breki ya mkono haikamati.

Jirani ana pikapu na kamba, anasema "twende tu". Mimi naogopa, kamba haitaizuia isimgonge kwa nyuma.

Je, chuma cha kuvutia gari (badala ya kamba) kinatosha bila breki, au nitafute lori la kubebea? Na kwenye 504 mnafunga wapi bila kupinda bampa?