MJADALA: Je, darubini za H.E.S.S. ziendelee kufanya kazi Namibia baada ya Chile kupata mradi mkubwa zaidi?

Ndugu wachangiaji, imekuwa ikisemwa kwamba darubini za H.E.S.S., zinazochunguza miale ya gama kutoka angani, zilizoko nyanda za juu za Khomas, Namibia, zifungwe, kwa kuwa mradi mpya wa CTAO, wa darubini za aina hiyo hiyo, umepelekwa Paranal nchini Chile na kisiwa cha La Palma cha Uhispania. Naiona hoja hiyo kuwa ya haraka mno.

Mwale wa gama, yaani mwanga usioonekana kwa macho, wenye nishati kubwa haufiki ardhini. Ukigonga angahewa, huzaa manyunyu ya chembe ambazo, zikiwa bado kilomita kama 10 juu yetu, hutoa mwanga hafifu wa buluu unaodumu nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) chache na kutanda ardhini kwenye duara lenye upana wa mita 250 hivi. Darubini iliyomo ndani ya duara hilo, ikiuelekea, huunasa. Kwa hiyo darubini nne za H.E.S.S. za kipenyo cha mita 12, pamoja na ile ya mita 28 iliyoanza kazi mwaka 2012, zinataka giza totoro, na Khomas, mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, giza ndiyo mali yake.

Namibia iliuwania mradi wa CTAO ikaukosa, na uchungu huo naujua. Hata hivyo, Paranal iko karibu nyuzi 87 magharibi ya Khomas, tofauti ya takriban saa sita, hivyo giza likiingia Namibia, Chile bado ni mchana. Milipuko ya miale ya gama haingoji. Ule wa Agosti 2019, GRB 190829A, ulifuatiliwa kutoka Khomas kwa masiku matatu mfululizo huku ukizidi kufifia.

MCHANGIAJI: Kwa heshima, ndugu, sipingi fizikia yako. Nauliza tu: ikiwa Ujerumani na Ufaransa ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya gharama, Mnamibia anapata nini zaidi ya kukodisha mlima?

MWANZISHA MADA: Swali ni zito, na kusema Chuo Kikuu cha Namibia ni mshirika hakulimalizi. Lakini lawama hiyo ni ya mkataba, si ya darubini. Chile hutengewa kwa kawaida asilimia 10 ya muda wa kutazama katika darubini za kigeni zilizo kwenye ardhi yake. Namibia nayo idai fungu kama hilo, kwa maandishi, kabla ya kuongeza hata mwaka mmoja.