Printa ya 3D, CNC au leza: ipi ianze kwenye karakana ndogo Kigoma?

spea_za_ziwani: Wakuu habari za jioni. Nina karakana hapa Mwanga, natengeneza boti na cherehani. Kinachonitesa ni spea ndogo. Kigia cha plastiki kikivunjika, mteja anasubiri mzigo wa Dar, na saa nyingine hakipatikani kabisa. Nataka mashine moja inayofuata mchoro wa kompyuta. Nianze na ipi?

Seremala_Ujiji: Chukua CNC ndugu, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Mninga upo, mkongo upo, na milango ya nakshi inalipa. Printa ni ya polepole mno.

dada_mchoro: Kaka Seremala, mwenzetu kauliza spea, si milango. Hapo printa haina mpinzani: inayeyusha uzi wa plastiki, inapanga tabaka juu ya tabaka, unapata gia moja tu bila kuchonga kalibu. Zamani zilikuwa mashine za viwandani. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath alianzisha RepRap, printa inayojichapia baadhi ya vipuri vyake, na michoro yake ikawa wazi kwa kila mtu. Hataza kuu ya teknolojia hiyo ilipoisha 2009, bei zikaporomoka.

Ila chagua plastiki kwa makini. PLA, plastiki ya kawaida ya printa, hulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, ukiifunga karibu na injini itapinda. Plastiki ya PETG inavumilia zaidi. Gia ningechapa kwa nailoni, lakini inanyonya unyevu, kwa hiyo itunze kwenye ndoo yenye mfuniko.

spea_za_ziwani: Na umeme ukikatika katikati ya kazi?

dada_mchoro: Zipo zinazokumbuka zilipoishia, ila kitanda cha printa kikipoa kazi inaweza kubanduka. Weka UPS, betri ya kushikilia umeme.

kijana_wa_Kasulu: Mbona leza mmeisahau? Plywood na akriliki inakata fasta.

dada_mchoro: Kweli, kwa vitu bapa. Ila PVC, plastiki ya mabomba, usiikate kwa leza kamwe, moshi wake ni sumu na unakula mashine.

mwl_fizikia: Neil Gershenfeld wa chuo cha MIT, Marekani, alipoanzisha fablab, yaani karakana ya pamoja, mashine za aina hii zilikaa chumba kimoja, watu wakazitumia kwa pamoja. Mafundi wa Kigoma mnaweza kuchanga hivyo hivyo. Kabla ya kununua chochote, pakua FreeCAD, programu ya bure ya kuchora vipuri, tafuta kalipa ya kupimia, uchore hicho kigia. Asiyejua kuchora atabaki kuchapa michoro ya wengine.

spea_za_ziwani: Asante mwalimu, asante dada. Naanza na gia ya cherehani, mchoro nitauweka hapa muukosoe. Seremala, hiyo CNC uko tayari tuchange?

Seremala_Ujiji: Niko tayari. Njoo Ujiji tuongee bei.