Huduma gani ya kuchati ya kuaminika kwa ofisi ndogo?

wakili_kanda_ya_ziwa: Wakuu habari zenu. Tuna kiofisi cha uwakili Mwanza, mambo ya wateja yote yanapita WhatsApp, juzi mteja kauliza nani mwingine anasoma tukabaki tunaangaliana. Seva yetu wenyewe hatuiwezi, umeme mnaujua. Tujiunge wapi? Nasikia Telegram ndo ya siri.

Mzee wa Kebo: Telegram achana nayo mkuu. Chati za kawaida kule zinakaa kwenye seva zao na funguo za kuzisoma wanazo wao, mpaka ufungue chati ya siri yenyewe, na magrupu hayana hiyo kitu. Nenda Signal. 2016 mahakama ya Marekani iliwabana watoe taarifa za mtu, walichokuwa nacho ni lini alijiunga na lini mara ya mwisho aliunganisha, basi. Mi huwa naangalia hilo tu, siku akibanwa ana nini cha kutoa?

binti_pwani: Ila Signal inataka namba na laini zetu zote tumesajili kwa alama za vidole. Mi niko XMPP, ile Jabber ya zamani, mfumo wa kuchati ambao kila mtu anachagua seva yake, natumia app ya Conversations na akaunti kwao hukohuko, ya kulipia, namba hawaulizi. Washa OMEMO tu, ile ya kufunga ujumbe hata mwenye seva asiusome.

Mzee wa Kebo: Tangu 2024 namba unaificha, watu wanakupata kwa jina, japo kujisajili lazima uwe nayo. Halafu dada, hata na OMEMO seva ya XMPP inaona orodha ya watu wako na nani kamtumia nani saa ngapi.

fundi_seva: Na hata mwenye seva akiwa mtu safi. Jabber.ru, huduma ya XMPP ya Urusi, walipangisha seva Ujerumani, 2023 wakakuta kuna mtu kajipachika katikati anasoma trafiki kwa miezi, tena na cheti halali kabisa, kile kinachoithibitishia simu yako kuwa seva ni yenyewe 😅 Alijulikanaje? Cheti chake kiliisha muda hakukihuisha, watu wakaanza kuona eror. Waliopona ni wenye OMEMO waliokuwa wamehakikisha funguo za wenzao. Kwa hiyo hata Signal, kuskani QR ya mwenzako ana kwa ana kuhakikisha funguo msiruke, ofisi moja hiyo mnamaliza hata chai haijapoa.

wakili_kanda_ya_ziwa: Shukrani sana. Wateja wengine ni wazee, XMPP hawataiweza, basi Signal kwa wote. Na chati za zamani za WhatsApp?

Mzee wa Kebo: Angalia bakapu kwanza. Kama hamjaiwekea nywila kule kwenye setingi, iko Google Drive bila ule ulinzi wa kwamba ninyi tu ndo mnaisoma.