Albamu nzima ipendekezwe vipi ili mtu aisikilize kweli?

Mchimba Santuri ameuliza:

Ndugu wapenzi wa muziki, salaam. Nimo katika kundi dogo la watu tunaopeana albamu mtandaoni: mmoja hutaja jina, huweka picha ya jalada na kiungo, kisha hungoja. Kinachofuata huwa ni alama za dole gumba na maneno ya "safi sana", lakini ukiuliza siku chache baadaye ni wimbo gani uliomgusa mtu, unagundua kwamba wengi hawakufika hata wimbo wa pili. Si kwamba ni watu wavivu, kwa kuwa nyimbo mojamoja wanazisikiliza na kuzijadili kwa hamu kubwa. Albamu nzima ndiyo inayowashinda.

Naomba mnieleze pendekezo la albamu liandikweje ili mtu akubali kutenga dakika arobaini kwa ajili yake. Je, ni afadhali kutaja albamu kadhaa kwa pamoja ili kila mmoja ajichagulie, au moja inatosha? Nami nakwama zaidi kwa wanamuziki wenye kazi nyingi mno, kama Fela Kuti au Miles Davis, kwa sababu kumwambia mgeni "msikilize tu" ni sawa na kutomwambia kitu.

Besi Nzito amejibu:

Moja inatosha. Mtu akipewa albamu kumi huhifadhi orodha, hushukuru, na mambo huishia hapo.

Lakini idadi si tatizo kubwa kama lugha tunayotumia kuzipigia debe. "Kazi bora kabisa" na "lazima uisikilize" ni maneno yanayoeleza furaha ya mwandishi bila kumwambia msomaji atasikia nini. Chukua *In the Heart of the Moon* ya mwaka 2005, ya Ali Farka Touré na Toumani Diabaté. Ukiandika kwamba ni albamu nzuri kutoka Mali, umemwacha msomaji palepale ulipomkuta. Mwandikie badala yake kwamba kwa sehemu kubwa atasikia gitaa moja na kora moja (kinubi cha Afrika Magharibi), kwamba gitaa linarudiarudia mzunguko mfupi wa noti bila haraka huku kora ikimiminika juu yake, kwamba uimbaji ni wa nadra, na kwamba wawili hao walirekodi katika hoteli moja mjini Bamako pasipo mazoezi ya maana, ndiyo maana unawasikia wakisikilizana. Hapo mtu anaweza kujua kama muziki huo ni wa kwake, na hata wakati gani wa siku unamfaa.

Jambo jingine ni kuanzia kwenye kile ambacho mwenzako tayari anakipenda. Kwa mtu anayesifu gitaa la bluzi kila siku, albamu hiyo ina mlango ulio wazi. Kwa mtu anayetafuta kwaya na sauti za kupokezana, mpe nyingine.

Upande wa Pili amejibu:

Naafikiana na aliyetangulia, ila ameruka suala la umbo la albamu yenyewe, ambalo kwangu ndilo linalowashinda wasikilizaji wengi. Santuri ndefu (LP) iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Columbia mwaka 1948 ilibeba takriban dakika ishirini na kitu kwa kila upande, na wanamuziki walipanga nyimbo zao wakijua kwamba katikati msikilizaji atainuka na kugeuza sahani. Wimbo wa kwanza wa upande wa pili ulikuwa mwanzo mpya. Sidii, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, ilifikisha dakika 74 mfululizo, na baadhi ya albamu zilizofuata zikarefuka hivyohivyo bila pumziko lolote. Kwa hiyo unapopendekeza santuri ya zamani, mwambie mtu mpasuko ulipo na umruhusu asikilize nusu leo na nusu kesho. Si dhambi, ndivyo ilivyotengenezwa.

Mpangilio nao una uzito wake. Katika *What's Going On* ya Marvin Gaye, ya mwaka 1971, nyimbo nyingi zinaingiliana bila kimya katikati, hivyo anayeisikiliza kwa kuchanganyachanganya nyimbo husikia vipande vilivyokatwa vibaya. Si ajabu kwamba mwaka 2021 Spotify iliondoa kitufe cha kuchanganya nyimbo kama chaguo kuu kwenye kurasa za albamu, baada ya mwimbaji Adele kuomba hivyo.

Kuhusu Fela, usihangaike kumtafutia mgeni "wimbo wa kuanzia", kwa kuwa mara nyingi wimbo mmoja ndio upande mzima. *Zombie* ilipotoka mwaka 1976 ilikuwa na nyimbo mbili tu. Nyingine utakazozikuta katika matoleo ya baadaye ni za nyongeza. Muhimu zaidi, mtahadharishe msikilizaji kwamba gitaa, ngoma na tarumbeta zitachukua dakika kadhaa kabla Fela hajafungua kinywa. Asiyeambiwa hudhani wimbo umekwama, akaruka mbele, na akakosa mahali ambapo bendi inapanda ngazi kwa ngazi hadi sauti inapoingia.

Sikio Huru amejibu:

Mniwie radhi, lakini mkiendelea hivi pendekezo litakuwa refu kuliko albamu. Mimi nikipewa aya tano za maelezo huingia shingo upande, nikiwa nimeshaambiwa nishangae wapi. Sentensi mbili au tatu zinatosha: moja inieleze nitakachosikia, nyingine inieleze kwa nini umenifikiria mimi. Habari za studio nitazitafuta mwenyewe nikishapenda.

Sikubaliani pia na hoja ya albamu moja katika hali zote. Mtu anayeingia kwenye muziki asioujua kabisa anafaidika na tatu, mradi ziwe tofauti kwelikweli, kwa sababu ya kwanza ikimshinda atadhani muziki wote wa aina hiyo umemshinda.

Halafu kuna upande wa anayepokea, ambao hakuna aliyeugusa. Jibu la "niliachia wimbo wa nne, ngoma zile za mashine zilinichosha" lina faida kuliko dole gumba kumi, maana kutokana nalo mpendekezaji anajua alete nini safari ijayo. Mchimba Santuri, kabla hujabadilisha namna unavyoandika, angalia kama katika kundi lenu mtu ana nafasi ya kusema hakupenda bila kuanzishiwa ugomvi. Pasipo na nafasi hiyo, watu watasema "safi sana" na kunyamaza.

Kinanda cha Usiku amejibu:

Naongeza dogo la kiutendaji. Usitegemee kiungo peke yake, kwa kuwa albamu inayopatikana katika huduma moja au nchi moja huenda isipatikane kwingine, na viungo hufa. Andika jina la msanii, jina kamili la albamu na mwaka. Mwaka si pambo: albamu nne za mwanzo za Peter Gabriel, zilizotoka kati ya mwaka 1977 na 1982, zote ziliitwa kwa jina lake, kwa hiyo jina pekee halimfikishi mtu popote. Na mafaili ya nyimbo yenyewe msirushiane bila ruhusa ya wenye haki. Msanii anayejitegemea anayeuza kazi yake kupitia Bandcamp mara nyingi amekwisha kuwaruhusu watu wasikilize kabla ya kununua.

Mchimba Santuri amejibu:

Nawashukuru nyote. Hoja ya Sikio Huru kuhusu ugomvi imenigusa, kwa sababu yupo mwenzetu mmoja ambaye albamu yake ikikosolewa huchukulia kana kwamba ametukanwa yeye. Hilo nitalizungumza naye pembeni. Kwa sasa nimeandika jaribio hili, naomba mlikosoe:

"*Kind of Blue*, Miles Davis, 1959. Vipande vitano, takriban dakika arobaini na tano, hakuna anayeimba. Cha kwanza kinaanza taratibu kwa piano na besi, kisha besi yenyewe inashika wimbo huku wenzake wakiijibu kwa noti mbili fupi; ukilipenda jibu hilo, endelea. Nimekufikiria wewe kwa sababu hupenda muziki unaoacha nafasi kati ya noti."

Upande wa Pili amejibu:

Nzuri, na wala usiiongeze urefu. Kasoro ni moja: hukutaja toleo. Mashine iliyorekodi vipande vitatu vya upande wa kwanza ilikuwa ikienda polepole kidogo, kwa hiyo kwa miaka mingi, vikichezwa kwa mwendo wa kawaida, vilisikika vya haraka na vyenye noti za juu kuliko vilivyopigwa, hadi kosa hilo liliporekebishwa katika matoleo ya miaka ya 1990. Mwenzako akiwa mpiga ala anayetaka kufuatisha kwa gitaa au piano yake, mwelekeze kwenye toleo lililorekebishwa. Kama ni msikilizaji tu, tuma pendekezo lako kama lilivyo.