Binti yangu hupita handaki la reli ya zamani kila siku. Nimkataze?

Mama wa Landimawe

Habari zenu wanajamvi. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili limeninyima usingizi tangu juma lililopita.

Kifungua mimba wangu yuko Edinburgh, kule Uskoti, huu mwaka wa pili. Anasoma, na siku nne kwa wiki anafanya kazi ya kutunza wazee. Anakaa mtaa wa St Leonards, kazi iko upande wa Duddingston, na katikati kuna kilima kikubwa kiitwacho Arthur's Seat. Chini ya bega la kilima hicho limepita handaki la reli. Treni ziliacha kupita humo zamani, vyuma vikang'olewa, pakatiwa lami, na sasa ni njia ya watu wa miguu na baiskeli. Yeye hupita humo asubuhi akienda na jioni akirudi.

Nilimtembelea mwezi wa Juni na siku ya pili akanipitisha. Jamani. Kabla hujaingia, baridi inakupiga usoni kama mtu amefungua mlango wa friji ya bucha. Ndani kuta ni za mawe, zimelowa. Taa zipo, zimefuatana mbele hadi mwisho, na mwanga wa upande wa pili unauona mdogo kama sarafu. Maji yanadondoka kutoka juu: tone, kimya, tone. Sauti ya viatu vyangu ilikuwa inanifuata nyuma, nikageuka mara tatu kutazama ni nani. Halafu kengele ya baiskeli ikalia, nikashindwa kujua iko mbele au nyuma. Binti alinivuta mkono hadi ukutani, bega likalowa maji, baiskeli ikapita vuu! Tulipokuwa tunarudi, katikati ya handaki nilianza kuhema. Kifua kizito, magoti yamelegea. Hofu hiyo, nikajiambia. Mwenzangu anatembea tu, ananisimulia habari za mwalimu wake.

Msidhani reli ni kitu kigeni kwangu. Nimezaliwa Landimawe, baba alikuwa mtu wa reli, nimelala miaka na miaka nikisikia mabehewa yakigongana usiku. Tatizo langu ni lingine. Mwaka ambao huyu mtoto alikuwa darasa la pili, nilikabwa kwenye kivuko cha chini ya barabara hapa mjini, saa kumi na mbili na nusu jioni, watu wakiwa bado wanatoka kazini. Walichukua mkoba, na mmoja alinishika shingo hivi kwamba wiki nzima sikuweza kumeza ugali. Tangu siku hiyo navuka juu, hata kama ni kuzunguka nusu saa. Na wanangu nikawawekea sheria moja: giza likukute nyumbani.

Juni sikuwa na la kusema, maana saa nne usiku bado ungeweza kusoma gazeti nje. Lakini juzi ananiambia siku hizi akitoka kazini saa kumi na mbili, jua linazama. Na bado anapita mle. Nimkataze? Aliyewahi kukaa kule anisaidie. Na mwenye ujuzi wa reli aniambie pia, kitu cha zamani namna ile, kinachovuja maji, hakiwezi kuwaangukia watu?

---

Laini Saba Kwa Miguu

Mama, salamu. Edinburgh siijui. Ninachojua ni kutembea relini. Kwa miaka sita nimekwenda kazini Industrial Area kwa miguu kutoka Kibera, nauli ikikosekana na hata ikiwepo. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, giza bado, nashika reli na sijawahi kuguswa. Sababu ni kwamba tunakuwa wengi mno, mbele watu, nyuma watu, kila mmoja na mfuko wake wa chakula. Siku ninayoogopa ni Jumapili. Jumapili hiyo hiyo reli, saa nne asubuhi, jua kali, unaweza kutembea kipande kizima bila kukutana na mtu, na hapo ndipo wenzangu wawili walinyang'anywa simu.

Kwa hiyo mimi nisingemuuliza kama ni giza. Ningemuuliza: ukiingia mle jioni, unakutana na watu wangapi?

---

Mstaafu wa Njia

Mama wa Landimawe, nimefurahi kusoma barua ya mtoto wa reli. Nimefanya kazi kwenye vikosi vya matengenezo ya njia miaka 31, na habari za reli za kale ndizo ninazosoma jioni, kwa hiyo acha nikutoe wasiwasi mahali ninapoweza.

Kwanza hilo la kuhema. Dada yangu, haikuwa hofu peke yake. Ulikuwa unapanda mlima! Handaki hilo lina urefu wa mita 518, na sakafu yake imeinama 1 kwa 30, yaani kila mita 30 unazokwenda unapanda mita moja. Piga hesabu: kutoka mdomo wa chini hadi wa juu kule St Leonards ni kimo cha mita 17 na zaidi kidogo, sawa na ngazi za jengo la ghorofa tano. Ndani ya handaki jicho halina upeo wa kulinganisha, kwa hiyo hulioni hilo lima. Magoti ndiyo yanajua. Ulipokuwa unakwenda uliteremka hukusikia kitu, ukarudi ukapanda, ukahema.

Kwa nini wakachimba mwinamo mkali hivyo? Kwa sababu reli hiyo, Edinburgh and Dalkeith, ilifunguliwa 1831 ili kuleta makaa ya mawe mjini, na mabehewa yalivutwa na farasi. Farasi hawezi kuvuta makaa kwenye mwinamo wa namna ile. Mhandisi wake, James Jardine, akaweka injini ya mvuke isiyotembea pale juu, na ikawa inayavuta mabehewa kwa kamba kupitia handaki, kama unavyoteka ndoo kisimani. Wenyeji wakaiita reli isiyo na hatia, Innocent Railway, na inasemwa ni kwa sababu ya ule mwendo wa farasi wa upole enzi ambazo injini za mvuke zilitisha watu. Jina limebaki hadi leo. Mizigo ya mwisho ilipita 1968.

Na usidhani kamba ni mambo ya Ulaya tu. Reli ilifika hapa Nairobi 1899, ikapanda hadi ukingo wa Bonde la Ufa, ikakwama. Ule ukuta wa Kikuyu ulikuwa mkali, na njia ya kudumu ingechukua muda. Wakateremsha mabehewa kwa kamba za chuma kwenye njia ya muda, ndipo kazi ikaendelea chini hadi Kisumu 1901. Kila nikisimama viewpoint pale juu ya Mai Mahiu huwafikiria wale waliosimama kwenye breki za kamba hiyo.

Sasa swali lako la kuanguka. Maji kudondoka si dalili mbaya. Maji ya mlima lazima yatoke. Yakizuiwa nyuma ya ukuta ndipo yanaposukuma mawe. Kitu cha kutazama ni ukuta uliofura tumbo, au chokaa na vipande vya mawe chini ambavyo jana havikuwepo. Mwambie binti akiona hayo aripoti. Tone la maji kichwani avumilie.

Kinachonihangaisha mimi ni baiskeli. Zinazotoka St Leonards zinateremka kwa kasi. Jioni akirudi anapanda, kwa hiyo zinamjia usoni na anaona taa zake. Asubuhi akienda anateremka nazo, zinamtokea mgongoni. Asubuhi ndiyo asivae vitu vya masikioni.

---

Nilirudi Umoja

Mama, mimi nilikaa Edinburgh miaka minne na njia hiyo naifahamu. Mstaafu amesema kweli kuhusu baiskeli, hata mimi iliwahi kunigusa kiwiko.

Nakuomba jambo moja, usimpe mtoto ile sheria ya giza likukute nyumbani. Hapa kwetu ni sheria nzuri kwa sababu jua letu halibadiliki, mwaka mzima linazama saa kumi na mbili na nusu, dakika chache mbele au nyuma. Kule haitekelezeki. Saa zao zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na jioni hiyo hiyo jua litazama kabla ya saa kumi na moja. Katikati ya Desemba linazama kama saa tisa na dakika arobaini alasiri, na asubuhi linachomoza karibu saa tatu kasoro robo. Akiifuata sheria yako, atatoka nyumbani saa tatu na kurudi saa tisa, ataachishwa kazi. Asipoifuata, ataanza kukuficha. Mimi nilimficha mama yangu majira mawili ya baridi, na uchungu wake ninaujua.

Jambo la pili, fikiria njia mbadala. Akikwepa handaki kwa miguu atazunguka kwenye bustani ya Holyrood, na huko usiku ni giza na upepo, mtu mmoja kila baada ya dakika kumi. Handaki lina taa mchana na usiku. Mimi nilikuwa na desturi hii: kabla ya saa moja jioni, wakati watu wanatoka kazini na baiskeli ni nyingi, napita handakini. Baada ya hapo, basi, bila kujadiliana na nafsi yangu kuhusu nauli. Mwezi wa Desemba nilikuwa nasimama kwenye mdomo wake hadi atokee mtu mwingine anayeingia, namsalimia, tunakwenda. Hakuna aliyewahi kunishangaa.

Ukienda tena, mwambie akupeleke Colinton, upande mwingine wa mji. Huko kuna handaki jingine la reli iliyokufa, fupi, kama mita 140, na kuta zake zimechorwa picha za rangi mwanzo hadi mwisho. Ningependa hilo liwe ndilo la kwanza ulilopita.

---

Mama wa Landimawe

Asanteni sana wanangu, na Mstaafu, asante kaka. Hilo la mlima nimelisoma mara mbili. Miezi minne nimebeba kwamba mwili wangu ulinisaliti mle ndani mbele ya mtoto, kumbe nilikuwa napanda ghorofa tano.

Nilimpigia jana usiku. Sikukataza. Nilimuuliza swali la kijana wa Laini Saba. Akakaa kimya kidogo, akasema, jioni saa kumi na mbili ni watu kumi hadi ishirini, mama, lakini Jumamosi zamu ikiisha saa tatu usiku huwa niko peke yangu. Jumamosi hakuwahi kuniambia. Tumekubaliana Jumamosi ni basi, na nauli hiyo nitamrudishia mimi kila mwisho wa mwezi ili asiwe na sababu. Nilirudi Umoja, pole kwa majira yale mawili. Nimempa neno langu kwamba akiniambia ukweli sitapiga kelele.

Halafu jioni hii, kwetu saa mbili na robo usiku, akanipigia akitoka kazini. Tuliongea njia nzima, habari za bibi mmoja kazini aliyekataa uji. Nikasikia sauti yake imebadilika, inarudi mara mbili, nikajua amefika mlangoni. Nikamwambia tuendelee kuongea. Akasema, "Hapana mama, nakata, nataka masikio yangu."

Nilikaa na simu mapajani nikitazama saa ya ukutani. Dakika saba. Ikalia, na kabla hajasema neno nilisikia upepo na mtu anahema.

"Ni mlima," nikamwambia.